Doa Kwenye Ini Si Lazima Liwe Saratani

Mama mmoja alitujia akiwa ameshika karatasi ya ultrasaundi iliyosema kwamba ini lake lina uvimbe. Alikuwa amekwisha kuwaita wanawe ili awagawie shamba. Hakuwa amekonda wala hakuwa na manjano. Kipimo alifanyiwa kwa sababu ya maumivu ya nyongo. Tulimketisha, tukamweleza haya tunayowaandikia leo.

Ultrasaundi huonyesha kwamba kuna kitu, lakini mara nyingi haiwezi kusema ni kitu gani. Ini huota vivimbe kadhaa visivyo na madhara. Kinachoonekana sana ni hemanjioma, yaani fundo la vijishipa vya damu, ambalo mtu huweza kuishi nalo mpaka uzeeni bila kujua. Ili kutofautisha, daktari humpeleka mgonjwa hospitali kubwa ya rufaa kwa kipimo cha MRI.

MRI hupiga picha kwa nguvu za sumaku, haitumii mionzi kama eksirei. Mgonjwa hulala ndani ya mashine iliyo kama bomba pana, yenye makelele ya kugongagonga (wengine huogopa, lakini haiumizi), na huambiwa abane pumzi mara kwa mara. Kisha huchomwa mshipani dawa yenye madini ya gadoliniamu, na picha hupigwa mfululizo dawa ikipita kwenye ini.

Ini hupata damu kwa njia mbili. Robo tatu hivi hutoka kwenye utumbo kwa mshipa mkubwa wa vena, na robo iliyobaki huletwa na ateri. Saratani inayoanzia kwenye ini hujilisha zaidi kwa ateri. Kwa hiyo katika nusu dakika ya kwanza hung'aa kuliko ini lenyewe. Dakika chache baadaye dawa imekwisha kuitoka, nayo huonekana nyeusi. Hemanjioma huanza kung'aa pembeni, kisha hujaa polepole kuelekea katikati, na dawa hubaki humo.

Mama yule alikutwa na hemanjioma. Shamba bado analima mwenyewe.

Lakini mwenye homa ya ini aina ya B, au ambaye ini lake limeshapata makovu, asijifariji kwa habari hii. Kwa mwenye makovu hayo, dalili za saratani kwenye MRI zikiwa wazi, daktari huweza kuthibitisha ugonjwa bila kukata kinyama. Wengine huhitaji kukatwa kinyama hata baada ya picha. Tumewapokea wengi ambao tumbo lilikuwa limeshajaa maji, baada ya miezi mingi ya mitishamba. Uvimbe ukigunduliwa ukiwa mdogo, huweza kukatwa au kuchomwa kwa joto. Ndiyo maana wenye makovu ya ini hutakiwa kupimwa ultrasaundi kila baada ya miezi 6, hata wasipoumwa.

Ukiandikiwa MRI, waambie wahudumu mapema kama una kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo au chuma chochote mwilini, kama figo zako ni mbovu, au kama una mimba. Chukua pia picha zako za zamani, hata kama karatasi imechakaa. Uvimbe uliokaa vilevile kwa miaka humweleza daktari mengi.