Droni Ikikosa GPS: Tafuta Kisa Kabla ya Kupaa



Hapa Kitui na Makueni tumezoea kazi ya mwethya. Kwa mikono yetu tumechimba matuta ya fanya juu, tumejenga mabwawa ya mchanga na kupanda miti. Siku hizi kuna chombo kipya kinachoingia katika kazi hii, nacho ni droni ndogo ya mapanga manne inayobeba kamera. Vijana wanaipenda, na wazee nao wameanza kuona faida yake. Ukiirusha juu ya mto uliokauka unaona mara moja mahali mchanga umejaa nyuma ya ukuta, mahali ukingo unakatika, na ni matuta gani yamebomoka baada ya mvua.

Lakini chombo hiki kina ugonjwa wake. Siku moja kinakataa kupaa. Siku nyingine kinapaa vizuri, halafu kinaanza kuyumba kama mlevi, au kinaondoka kwenda zake na hakionekani tena. Mara nyingi kisa ni GPS. Droni ikipotea, pesa za kikundi zimepotea, na zile ni pesa za kuku, mayai na michango ya kila juma. Ikianguka juu ya mtoto, hasara yake haiwezi kuhesabiwa. Kwa hivyo tuelewe mambo haya vizuri, pole pole.

GPS ni nini?

GPS ni mtambo wa setilaiti za Marekani zinazozunguka dunia kwa urefu wa kama kilomita 20,200. Kila moja ina saa ya ajabu isiyokosea, na kila wakati inatangaza: mimi ni fulani, niko mahali fulani, na saa ni hii. Kipokezi kilicho ndani ya droni au simu kinasikiliza tangazo hilo na kupima limechukua muda gani kufika. Kutokana na muda huo kinajua umbali. Kikisikia setilaiti nne au zaidi, kinaweza kujua mahali kilipo, na pia urefu wake kutoka usawa wa bahari.

Kazi hii inataka saa sahihi sana. Mawimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali utakosewa kwa mita 300. Setilaiti ya nne ndiyo inayosaidia kurekebisha saa ya kipokezi chako, ambayo ni ya bei rahisi.

Siku hizi vipokezi vingi husikia pia setilaiti za Urusi, za Ulaya na za China. Ndiyo sababu kioo kinaweza kukuonyesha setilaiti 15 au 20. Jambo la kukumbuka ni kwamba sauti yao ikifika hapa chini ni hafifu sana. Ni kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde huku kinu cha posho kinanguruma karibu nawe. Kitu kidogo tu kinatosha kuizima.

Kwanza jua ni ugonjwa gani

Usianze kufungua skrubu. Daktari huuliza mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Angalia dalili hizi:

1. Setilaiti ni chache, au hakuna hata moja. Hapa shida ni ya GPS yenyewe: anga limezibwa, antena ina kasoro, au kuna kelele ya umeme.

2. Setilaiti ni nyingi, lakini droni inazunguka hewani, na duara linazidi kupanuka. Hapo shida kwa kawaida ni dira. GPS inajua droni iko wapi, lakini dira inaidanganya kuhusu upande inaoelekea. Ikitaka kurudi kushoto inakwenda mbele, ikijirekebisha inapotea zaidi.

3. Setilaiti ni nyingi, droni imetulia, lakini picha inakatika kwenye simu. Hii si shida ya GPS hata kidogo. Ni mawasiliano kati ya rimoti na droni.

4. Droni inasogea mita moja au mbili ikiwa imesimama hewani. Hiyo ni kawaida ya GPS. Usiilaumu.

Sababu tano zinazoleta shida

Ya kwanza ni kukosa kuona anga. Mabwawa yetu ya mchanga yako chini mtoni. Ukisimama chini ya ukingo mrefu, au kwenye bonde jembamba la vilima vya Mbooni au Kilungu, nusu ya anga imefichwa. Tena mawimbi yanaweza kugonga mwamba au ukuta na kurudi, yakafika kwa njia ndefu kuliko ile ya kweli. Kipokezi kinadhani kiko mahali pengine. Dawa yake ni rahisi: panda juu ya ukingo, penye uwazi, mbali na mabati na miti mikubwa. Usirushe kutoka barazani.

Ya pili ni haraka. Simu yako hupata GPS upesi kwa sababu mtandao huipa habari za setilaiti. Droni nyingi ndogo hazina msaada huo. Lazima zisikilize setilaiti zenyewe. Habari kamili za njia ya setilaiti moja huchukua sekunde 30 kupokewa bila kukatizwa, na zikikatika zinaanza tena. Orodha ya setilaiti zote za GPS huchukua dakika 12 na nusu. Basi droni iliyolala sandukuni mwezi mzima, au iliyobebwa kutoka Nairobi hadi Mutomo, inaweza kukaa dakika kadhaa kabla ya kutulia. Iweke chini penye uwazi, iwashe, iache. Usiibebe huku na huku ukiitafutia mtandao kama simu.

Ya tatu ni kelele ya umeme ndani ya droni yenyewe. Kamera, waya wa kamera na kitumaji cha picha vinaweza kutoa mawimbi yanayofunika sauti ya setilaiti. Jaribio ni hili: ondoa mapanga kwanza ili usikatwe vidole. Zima kamera kama inazimika, washa droni, ngoja dakika tano, hesabu setilaiti. Sasa washa kamera, hesabu tena. Zikishuka kutoka 14 hadi 6, umempata mwizi. Kwa droni mliyojiundia, sogeza kamera na waya zake mbali na GPS. Inueni GPS juu ya kijiti cha plastiki, kama sentimita 10 kutoka kwenye umeme mwingine. Karatasi ya shaba kati yake na kamera, iliyounganishwa na waya hasi, husaidia pia. Kwa droni ya kiwandani iliyofungwa, usiifungue. Peleka kwa fundi.

Ya nne ni antena. Ndani ya GPS kuna kigae kidogo cha kauri, nacho lazima kitazame juu. Kikiwekwa kichwa chini, au kikifunikwa na chuma au bamba la kaboni, hakisikii vizuri. Kibandiko chenye rangi ya fedha kilichowekwa kwa urembo kinaweza kuleta shida hiyo hiyo. Droni ikiwa imeanguka, kigae kinaweza kuwa kimepasuka hata kama kwa nje hakuna alama. Katika GPS nyingi kuna pia kibetri cha kukumbuka setilaiti za mwisho. Kikifa, kila safari ni kama ya kwanza.

Ya tano ni jua. Hili wengi hawalijui. Juu sana angani kuna tabaka lenye chembe za umeme ambalo mawimbi ya setilaiti lazima yapite. Katika nchi zilizo karibu na ikweta kama yetu, tabaka hilo huchafuka baada ya jua kuzama, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba, na zaidi katika miaka ambayo jua lina vurugu. Vurugu hizo huja na kupungua kwa mzunguko wa kama miaka 11, na mwaka 2024 zilikuwa juu. Ukiona setilaiti zinapotea saa moja au saa mbili usiku bila sababu, huenda droni haina kosa. Fanya kazi asubuhi, kabla ya upepo wa mchana.

Dira nayo

Dira ya droni hufuata sumaku ya dunia, na chuma huivuruga. Ukiirekebisha, ondoka penye pikipiki, mabati, tangi la chuma na konkriti yenye vyuma ndani. Toa mfukoni simu na funguo. Ukuta wa bwawa unaweza kuwa na vyuma pia, kwa hivyo usiutumie kama uwanja wa kupaa. Kuna sehemu kama Ikutha ambako mawe yenyewe yana chuma. Dira ikikataa hapo, tembea hatua mia moja ujaribu tena. Kama mmejiundia droni, hakikisheni mshale ulio juu ya GPS unatazama mbele ya droni.

Kabla ya kupaa

Kila kikundi kiwe na mtu mmja wa kusoma hatua hizi kwa sauti, na rubani ajibu:

- Betri za droni na rimoti zimejaa?
- Tuko penye uwazi, na watu wamesogea?
- Dira haionyeshi onyo?
- Setilaiti ni 10 au zaidi, na idadi imetulia kwa dakika moja?
- Droni imetangaza kwamba imeweka alama ya nyumbani, na alama hiyo kwenye ramani iko hapa tulipo?
- Urefu wa kurudi nyumbani unapita mbuyu mrefu kuliko yote ulio karibu?

Alama ya nyumbani ndiyo roho ya jambo. Rimoti ikipoteza droni, droni hurudi pale ilipoweka alama. Ukipaa kabla GPS haijatulia, yaweza kuweka alama mahali ilipokuwa hewani wakati huo, au isiweke kabisa. Hapo itarudi kwa uaminifu mkubwa kwenye mahali pabaya, pengine katikati ya maji au juu ya shamba la jirani.

Ikipoteza GPS hewani

Usibonyeze kila kitu. Droni nyingi hazianguki kwa sababu ya kukosa GPS. Zinabaki hewani lakini zinasukumwa na upepo. Kitufe cha kurudi nyumbani hakitasaidia, kwa sababu bila GPS haijui nyumbani ni wapi. Ishushe kidogo mpaka uione vizuri. Geuza pua yake itazame mbali nawe, ili kushoto yako iwe kushoto yake. Irudishe kwa mkono, uitue mahali pa kwanza penye usalama. Kama droni yako ina njia ya kuruka bila GPS, jizoezeni siku isiyo na upepo, kwa urefu wa mita mbili au tatu, kabla ya siku ya shida. Kama huioni tena, angalia mahali pa mwisho palipoandikwa kwenye simu na muanze kutafuta kuelekea upande unakokwenda upepo.

Onyo kuhusu mipaka

GPS imetufaa. Mwaka 2020, nzige wa jangwani walipovamia Kenya na kufika Kitui, mahali makundi yalipotua paliandikwa kwa simu zenye GPS ili wanyunyizaji wajue pa kwenda. Nasi tunaweza kuandika mahali pa kila bwawa, ili mgeni au fundi asipotee.

Lakini GPS ya simu au ya droni ndogo hukosea mita tatu hadi tano hata penye uwazi, na zaidi bondeni. Mita tano zinatosha kuwagombanisha ndugu wawili mpaka wasizikane. Usiruhusu picha ya droni iwe hukumu ya mpaka. Mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa hupelekwa kwa msajili wa ardhi, na mpimaji ana vyombo vyake.

Sheria

Tangu kanuni za mwaka 2020, droni lazima isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya, KCAA, na kuruka kunahitaji idhini. Ulizeni kabla ya kununua. Msikaribie viwanja vya ndege, wala msirushe juu ya watu. Kwa wanaopakana na Tsavo au Chyulu, mbuga si mahali pa kujaribia droni. Na kabla ya kupiga picha boma la mtu, piga hodi kwanza. Ni adabu yetu ya zamani, na inafaa hata kutoka angani.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Je, tunahitaji droni yetu wenyewe, au tunaweza kuazimana na vikundi jirani?
2. Nani atakuwa rubani, nani msomaji wa hatua, na nani ataandika daftari la kila safari na idadi ya setilaiti?
3. Ikipotea, nani atalipa? Tukubaliane leo, kabla haijapaa.

Aliye na busara huketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga. Nasi tukae chini dakika tano, tungojee setilaiti, ndipo tupae. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.