Risasi ya Wavu, Risasi ya Hospitali: Hatari Iko Wapi?



Wengi wenu mlikuwa wavuvi huko Baraka, Uvira au Kalemie kabla ya kukimbia, na wengine mna ndugu wanaovua Rumonge, Minago na Nyanza-Lac. Mnajua kwamba wavu usio na uzito hauzami. Juu hufungwa maboya, chini hufungwa vipande vya risasi. Risasi mpya ya dukani ni ghali, kwa hiyo watu huitafuta katika vitu vilivyokwisha kazi: betri za gari na pikipiki, betri za taa za kuvulia ndagala, na mara nyingine mabamba yaliyotoka hospitalini baada ya jengo kubomolewa au kuporwa wakati wa vita. Huyeyushwa kwenye chungu cha chuma juu ya makaa, kisha humiminwa katika kalibu. Kazi hii hufanyika hasa siku za mbalamwezi, wakati taa hazivuti samaki na wavuvi wako pwani wanashona nyavu. Ndizo siku ambazo watoto nao wako karibu na baba zao.

Madini haya na kile kitu kinachotoka katika bunduki vina jina moja, kwa sababu hicho nacho hutengenezwa kwa madini haya. Kutengeneza risasi za bunduki kambini ni marufuku, na si jambo la ukurasa huu. Lakini kwa upande wa afya, awe mtu anayeyusha kwa ajili ya wavu au kwa ajili ya gobore, moshi ni uleule na vumbi ni lilelile.

Je, risasi ya chumba cha eksirei ina mionzi?

Chumba cha eksirei, ambacho wengine wetu tunakiita chumba cha radio, huwa na mabamba ya risasi ndani ya kuta na mlango. Mhudumu naye huvaa aproni nzito yenye risasi ndani. Mabamba hayo yamewekwa ili kuzuia miale isiyoonekana, yaani mionzi, isitoke nje ya chumba. Kwa hiyo mtu akiliona bamba la namna hiyo sokoni, huogopa. Hudhani kwamba limekunywa mionzi kwa miaka 20 na sasa litaitoa polepole katika wavu wake, katika samaki wake, katika mwili wake.

Hofu hiyo haina msingi. Mashine ya eksirei hutoa miale wakati umeme unapita tu. Ukizima, miale imekwisha. Bamba lililosimama mbele yake halibaki na kitu. Ukiumulika ukuta kwa tochi mwaka mzima, siku utakapoizima tochi ukuta hautang'aa. Bamba la eksirei ni risasi kama risasi nyingine.

Tatizo ni kwamba mtu akisikia hivyo hufurahi, akaenda kuwasha mbabula nyuma ya nyumba. Risasi kama risasi nyingine maana yake ni sumu kama risasi nyingine. Watu wanaogopa mionzi ambayo haimo, na hawaogopi moshi ulio mbele ya macho yao.

Kuna jambo moja ambalo hofu yenu ni ya haki, tena iwe kubwa zaidi. Si bamba. Ni chombo kilichofungwa.

Chombo kilichofungwa usikiguse

Baadhi ya hospitali kubwa hutibu saratani kwa mashine ambayo haitegemei umeme kutoa mionzi. Ndani yake kuna kipande kidogo cha kobalti au cha sesiamu, na hicho hutoa mionzi mchana na usiku, mashine ikiwa nzima au ikiwa imekufa. Mashine ya kobalti ilikuwepo katika hospitali ya Mulago, Kampala, hadi ilipoharibika mwaka 2016. Makampuni ya barabara na ya mabomba nayo hutumia vyombo vidogo vya aina hiyo kupimia udongo na kukagua chuma kilichounganishwa kwa moto. Kipande hicho hukaa ndani ya ganda nene la risasi au chuma. Ganda hilo ndilo linalowatamanisha wauza vyuma chakavu.

Mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili waliingia katika kliniki iliyoachwa wakachukua sehemu ya mashine ya saratani ili wauze chuma na risasi yake. Wakaivunja. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa rangi ya buluu gizani, na kwa kuwa ulikuwa mzuri, watu waligawiana wakapeleka majumbani. Mtoto wa kike wa miaka 6 aliuchezea kisha akala chakula kwa mikono ileile. Alikufa, na watu wengine watatu pia. Zaidi ya watu 112,000 walipimwa, na 249 walikutwa na unga huo ndani ya mwili au juu yake. Mwaka 2000 jambo linalofanana na hilo lilitokea Samut Prakan, Thailand. Ganda la mashine ya kobalti lilipasuliwa katika yadi ya vyuma chakavu, na watu watatu wakafa.

Kwa hiyo tofautisha. Bamba ni bapa, linapindika, kisu kinalikata. Chombo cha hatari huwa cha mviringo au kama mtungi, kinene, kizito kupita ukubwa wake, na kimefungwa kwa skrubu au kwa kuchomelewa. Kinaweza kuwa na alama ya njano yenye mapanga matatu meusi kama ya feni. Tangu mwaka 2007 kuna alama nyingine iliyoongezwa: pembetatu nyekundu yenye mawimbi ya miale, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Lakini alama inaweza kuwa imebanduka au imefunikwa na kutu, kwa hiyo usiingoje. Chochote kizito kilichofungwa ambacho hujui asili yake, usikipige nyundo, usikikate, usikiweke motoni, usikibebe kwenda kukionyesha. Ondoka hatua 50 au zaidi, zuia watoto, nawa mikono kabla ya kula au kuvuta sigara, na umwarifu mwenyekiti wa bloku na kituo cha afya. Mtu aliyekishika akianza kutapika, au mikono ikatoka malengelenge kama ya moto na hakugusa moto, aje kituoni mara moja na aseme alishika nini.

Sasa turudi kwenye chungu

Risasi huyeyuka kwenye joto la digrii 327, ambalo moto wa makaa unalifikia bila shida. Mfua vyuma akiendelea kuvukuta, joto linapanda sana na mvuke wa risasi unazidi. Hauonekani vizuri na hauna harufu ya kukutisha. Ukipoa unakuwa vumbi laini linalotua juu ya nguo, juu ya unga ulioanikwa, juu ya mchanga ambao mtoto anatambaa. Yale mapovu ya kijivu yanayoelea juu ya chungu, ambayo watu huyakwangua na kuyatupa pembeni, ni risasi katika umbo baya zaidi, kwa kuwa ni unga.

Betri ni mbaya kuliko bamba. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, lakini sehemu kubwa ya hiyo si chuma kigumu. Ni uji mkavu uliopakwa kwenye sahani zake, na ukikauka unapeperuka. Maji ya betri ni tindikali yenye risasi ndani yake. Yakimwagwa mchangani, ngozi inaungua leo na udongo unabaki na sumu kwa miaka. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika nyumba za watu Rumonge. Fikiria mahali palipovunjiwa betri panapofunikwa na maji namna hiyo: matope hayabaki pale yalipokuwa.

Thiaroye-sur-Mer ni mtaa wa wavuvi karibu na Dakar, nchini Senegal. Wafua vyuma wa huko walikuwa wakitoa risasi katika betri na kuifanya uzito wa nyavu, kama inavyofanyika kwetu. Miaka ikapita, udongo ukajaa risasi. Bei ya risasi ilipopanda, wanunuzi wakaanza kuutaka hata udongo wenyewe, na kina mama wakauchekecha na kuuhifadhi kwenye magunia ndani ya nyumba. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Hawakuwa wafua vyuma. Walikuwa watoto wanaocheza chini.

Kwa nini mtoto kwanza? Kwa sababu mtoto hutia mkono mdomoni, na kwa sababu mwili wake hunyonya risasi aliyomeza mara nne au tano kuliko mwili wa mtu mzima. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha, mwenye upungufu wa damu, hunyonya zaidi. Risasi hupunguza damu na huharibu ubongo unaokua. Kilichoharibika katika ubongo hakirudi. Hakuna kiasi cha risasi mwilini ambacho wataalamu wamekiona kuwa salama. Sehemu kubwa hujificha mifupani kwa miaka, na mama akipata mimba hutoka humo na kumfikia mtoto tumboni.

Jambo linalotusumbua sisi wa kituo ni kwamba ugonjwa huu hauna sura yake. Tumbo linauma, mtoto anafunga choo, hataki kula, amepauka, analialia, anachelewa kusema. Ukizidi, anatapika, anapata degedege, anapoteza fahamu. Mzazi anasema malaria, na mara nyingi ni kweli malaria ipo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri katikati ya makazi ya watu. Phyllis Omido alifanya kazi hapo, na mtoto wake mchanga aliugua. Alitafutiwa malaria na homa ya matumbo kabla ya damu yake kupimwa risasi, na risasi ikaonekana. Mama huyo aliongoza madai ya wakazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwezi Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ilikatiwa rufaa, na ikaendelea hadi Mahakama ya Juu kuirudisha amri ya malipo hayo mwezi Desemba 2024.

Kwa hiyo ukimleta mtoto, usiseme homa tu. Sema: baba yake anayeyusha risasi, au jirani anavunja betri. Neno hilo moja linabadilisha tunachokitafuta. Kipimo cha damu hakifanyiki katika kila kituo, lakini muuguzi anaweza kuangalia upungufu wa damu na kuomba mgonjwa apelekwe hospitali kubwa. Dawa za kuitoa risasi mwilini zipo, hutolewa hospitalini kwa waliozidiwa, na hazifanyi kazi ikiwa mtoto anarudi kucheza kwenye vumbi lilelile. Maziwa ni chakula kizuri lakini hayaitoi sumu hii, wala mafuta ya mawese, wala mkaa uliosagwa. Kinachosaidia kupunguza unyonyaji ni mtoto kula mara kwa mara vyakula vyenye madini ya chuma na chokaa: lengalenga, maharage, na ndagala wanaoliwa na mifupa yao. Mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa hofu. Aje kwanza tuzungumze.

Kama kazi hii ndiyo inayolisha nyumba yako

Tunajua kwamba kumwambia mvuvi aache risasi bila kumpa kitu kingine ni maneno ya upepo. Wazee walizamisha nyavu kwa mawe yaliyotobolewa na kwa vipande vya udongo uliochomwa, na vipande vya nondo vilivyokatwa vinafanya kazi, ingawa vinapata kutu. Kwa wavu mkubwa, vipande vya udongo vinataka kuwa vingi zaidi, na hilo ni kweli ni usumbufu.

Kama risasi unayo tayari katika wavu wako, wavu huo hauui mtu kwa kutandazwa majini. Ila usiibane risasi kwa meno, kama wengi wanavyofanya wakishona. Tumia koleo. Mtoto asipewe vipande vichezewe, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika ugali.

Kuvunja betri nyumbani au kambini tunakukataza kabisa. Iuze ikiwa nzima, pamoja na maji yake, kwa mnunuzi wa betri mbovu. Na anayeyeyusha mabamba au risasi kuukuu za wavu, basi iwe mbali na nyumba, kisima na mahali pa kuanikia ndagala, upepo ukimpiga mgongoni na kuupeleka moshi mbali naye, si usoni kwake. Asiruhusu tone la maji lifike kwenye chungu, wala asitumie kalibu yenye unyevu, kwa kuwa risasi ya moto ikikutana na maji huruka kama mlipuko na kupofusha macho. Mwanamke mjamzito na watoto wasikae hapo hata kama ni kupeleka chai. Chungu hicho kisirudi jikoni kamwe, wala debe lake lisiwekwe mawese. Nguo za kazi zibaki nje na zifuliwe peke yake. Mapovu ya kijivu yakusanywe kwenye kopo lenye mfuniko, yasitupwe.

Aproni za eksirei, mwisho, si za kuchoma. Risasi yake imechanganywa na mpira, moshi wake ni mbaya mara mbili na risasi haitoki vizuri. Wala usiitandike chini ya mtoto kwa sababu ni nzito na haipitishi baridi. Mpira ukipasuka, unga unatoka. Ukiwa nayo, ilete kituoni, hatutakuuliza uliipata wapi.

Kama nyumba yako iko karibu na mahali palipoyeyushiwa risasi, usifagie vumbi likiwa kavu. Nyunyiza maji kwanza, pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, na mpeleke mtoto acheze upande mwingine. Mhamasishaji wa afya wa bloku yako anaweza kuja kuangalia pamoja nawe. Mwite ukiwa na mashaka, hata kama mtoto bado anaonekana mzima.