Figo za Mbwa Mzee na Mikono ya Kumuuguza

Ugonjwa sugu wa figo humpata mbwa wa umri wowote, lakini wengi wanaougua ni wazee, na ukishaingia hauponi. Kila figo ya mbwa ina vichujio vidogo mno vipatavyo 400,000, viitwavyo nefroni. Nefroni ikifa haioti nyingine mahali pake. Zilizobaki huongeza kazi na kuziba pengo, ndiyo maana mbwa anaweza kupoteza nusu ya uwezo wa figo zake huku akibweka getini na kula kama kawaida. Zikipotea kiasi cha theluthi mbili, figo hushindwa kukoleza mkojo. Mbwa hukojoa mkojo mwingi mweupe kama maji, naye hunywa sana ili kufidia. Zikipotea robo tatu, taka ambazo zingetoka na mkojo hubaki katika damu. Hamu ya chakula hupungua, kutapika huanza, mwili hukonda mgongoni na mapajani, pumzi hunuka mkojo na vidonda hutokea mdomoni. Wengi humpeleka mbwa kwa daktari wa mifugo katika hatua hiyo, wakati muda wenye manufaa makubwa umeshapita.

Umri wenyewe hupotosha watu. Imezoeleka kuhesabu kwamba mwaka mmoja wa mbwa ni sawa na saba ya binadamu, na hesabu hiyo si sahihi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha matokeo ya kulinganisha alama za kikemikali zinazojikusanya kwenye vinasaba vya mbwa 104 wa aina ya Labrador na zile za binadamu. Walikuta kwamba mbwa huzeeka mbio sana katika miaka ya mwanzo, kisha kasi hupungua. Labrador wa miaka 12 anakaribiana na mtu wa miaka 70. Mbwa wenye miili mikubwa huzeeka mapema zaidi kuliko wadogo, kwa hiyo mbwa mkubwa wa miaka minane anastahili kuangaliwa kama mzee hata kama mvi hazijamtoka mdomoni.

Dalili ya kwanza inaweza kugunduliwa kwa jagi la kupimia. Asubuhi maji hupimwa kabla ya kumiminwa kwenye bakuli, kila nyongeza ya mchana huandikwa, na kesho yake asubuhi yaliyobaki hupimwa na kutolewa katika jumla. Mbwa wa kilo 20 kwa kawaida hanywi zaidi ya lita moja na kidogo kwa siku, na akila chakula chenye mchuzi hunywa hata chini ya hapo. Akizidi lita mbili, yaani mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, ana ugonjwa unaohitaji kutafutwa. Si lazima uwe wa figo: kisukari huleta kiu kama hiyo, na mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi anaweza kuwa na usaha katika mji wa mimba, hali ya dharura inayoua kwa siku chache. Kosa baya kuliko yote hapa ni kumnyima maji ili asikojoe ndani usiku. Mbwa mwenye ugonjwa wa figo hakojoi sana kwa sababu anakunywa sana. Anakunywa kwa sababu figo zinayaachia maji yapotee, na akifungiwa bakuli anaweza kuzidiwa usiku huohuo.

Daktari hupima damu, mkojo na shinikizo la damu. Mwaka 1998 wataalamu wa figo za wanyama walianzisha chama cha kimataifa kinachojulikana kwa kifupi kama IRIS, na ngazi nne za ugonjwa walizoziweka ndizo zinazotumiwa na madaktari wa nchi nyingi. Kipimo kikuu ni kreatinini, taka inayotokana na kazi ya misuli. Mbwa aliye chini ya maikromoli 125 kwa lita lakini ana dalili nyingine za figo yuko ngazi ya kwanza. Hadi 250 ni ya pili, hadi 440 ni ya tatu, na zaidi ya hapo ni ya nne. Mbwa aliyekonda sana hudanganya kipimo hiki, kwa kuwa misuli michache hutoa kreatinini kidogo. Protini ikivuja kwenye mkojo, au presha ikipanda kufikia 160 na kuendelea kubaki huko, ugonjwa huenda kasi zaidi, na zipo dawa za hayo yote mawili, kama benazeprili na amlodipini, ambazo watu wengi wanazifahamu kwa kuwa hutumiwa pia na binadamu. Kiwango cha mbwa hupangwa na daktari wake.

Chakula ndicho kinachobeba uzito mkubwa katika matibabu. Mwaka 2002 ulichapishwa nchini Marekani utafiti wa mbwa 38 waliokuwa na ugonjwa huu. Baadhi walipewa chakula cha kawaida na wengine chakula cha figo, chenye fosforasi kidogo, protini ya kiasi na mafuta ya samaki. Waliokula chakula cha figo walipatwa na mashambulizi ya sumu damuni mara chache zaidi na waliishi muda mrefu zaidi. Fosforasi ndiyo adui mkuu, maana figo mbovu hushindwa kuitoa, nayo inavyozidi ndivyo inavyozimaliza nefroni zilizobaki. Chakula cha figo cha kopo au mfuko ni ghali, na katika miji mingi ya Afrika Mashariki hakipatikani kwa urahisi. Wanaopika nyumbani huanzia kwenye wali, nyama kidogo isiyo na mifupa, ute wa yai na mafuta, na huacha mifupa, dagaa, maini na maziwa, vyakula vyenye fosforasi nyingi. Mapishi ya namna hiyo yana upungufu wa madini na vitamini, hivyo daktari huongeza kinachokosekana; wali na nyama peke yake kwa miezi mingi humdhoofisha mbwa kwa njia nyingine.

Katika ngazi ya tatu na ya nne, mbwa wengi hawawezi kunywa kiasi cha kutosha kufidia wanachokojoa. Hapo hupewa maji ya dripu chini ya ngozi, na kazi hii hufanyika nyumbani baada ya daktari kumfundisha mtu. Chupa au mfuko wa dripu huwekwa kwanza katika beseni la maji ya uvuguvugu, kwa sababu maji baridi humfanya mbwa atetemeke na kukataa siku inayofuata. Kisha hutundikwa juu, kwenye msumari au komeo la dirisha. Mtu mmoja hukaa kichwani kwa mbwa akimsemesha na kumshika shingo kwa upole. Wa pili huinua ngozi kati ya mabega mpaka ifanye mkunjo, huchoma sindano mpya chini ya mkunjo huo na kufungulia mrija. Uvimbe laini hujitokeza mgongoni, wakati mwingine huteremka hadi kwenye bega au kifua, na mwili huunyonya kwa saa kadhaa. Mbwa mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kudhurika kwa maji hayo, na kwa hiyo kiasi na siku hupangwa na daktari tu. Peke yake mtu anaweza kuifanya kazi hii, lakini mikono minne huifanya kwa dakika chache bila mbwa kuogopa.

Utafiti kuhusu watunzaji wenyewe umechelewa, lakini ulichoonyesha ni kizito. Mwaka 2017 Mary Beth Spitznagel wa Chuo Kikuu cha Kent State, Marekani, pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 238. Nusu walikuwa na mnyama mwenye ugonjwa sugu au wa kufisha, na nusu walikuwa na mnyama mzima. Walitumia maswali yaliyotokana na yale yanayopima mzigo wa kumuuguza binadamu. Waliouguza mnyama walikuwa na msongo zaidi na dalili nyingi zaidi za wasiwasi na sonona. Matokeo hayo yanastahili kuchukuliwa kwa uzito katika jamii ambamo anayemlilia mbwa huambiwa kwamba ni mnyama tu. Mtu anayeamka usiku mara tatu kumtoa mbwa nje, anayehesabu vidonge na fedha, huchoka kama muuguzi yeyote, na akichoka, matunzo hulegea.

Upande wa mbwa nao umechunguzwa. Mradi mkubwa wa Marekani unaofuatilia kuzeeka kwa mbwa, Dog Aging Project, ulichapisha mwaka 2023 uchambuzi wa mbwa zaidi ya 21,000. Shida za fedha na misukosuko ya nyumbani ziliambatana na afya mbaya zaidi, na kuwa na wenzi, hasa mbwa wengine ndani ya nyumba, kuliambatana na afya bora. Nguvu ya uhusiano huo wa wenzi na afya ilikuwa takriban mara tano ya ile ya fedha. Majibu yalitolewa na wenye mbwa wenyewe, na kuambatana si lazima kuwe ni kusababisha. Hata hivyo inaonekana wazi kwamba pesa peke yake haielezi afya ya mbwa.

Msaada wa majirani na jamaa basi ni sehemu ya matibabu, na unahitaji mpangilio. Mmoja huchukua zamu ya asubuhi ya kumtoa nje, mwingine hufika jioni kushika kichwa wakati wa dripu, mwenye gari hujitolea kwa siku ya kwenda kliniki, na wengine huchangia dawa. Mikono mingi bila utaratibu inaweza kudhuru. Jirani mwenye huruma hurusha mfupa juu ya ua, mtoto humpa chapati yenye chumvi, kidonge cha presha hutolewa mara mbili kwa sababu wawili hawakuambizana. Daftari moja lililofungwa kwa kamba karibu na bakuli huondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo: saa, maji aliyokunywa, alichokula, alichotapika, dawa aliyopewa na jina la aliyempa. Daktari akilisoma daftari la wiki mbili hupata habari ambazo hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumpa.

Onyo moja lazima lifike kwa kila msaidizi. Dawa za maumivu za dukani, hasa diklofenaki na ibuprofeni, hazipewi mbwa kamwe. Dawa hizo huzuia kemikali zinazoweka wazi mishipa ya damu ya figo, na kwa mbwa mwenye figo dhaifu dozi chache zinaweza kummaliza. Mbwa mzee anayechechemea humtia mtu uchungu, na kidonge kilichobaki kabatini huonekana kama wema. Kwa mbwa ni sumu.

Wasaidizi nao wana haki ya kulindwa. Leptospira, bakteria wanaoharibu figo za mbwa, hutoka katika mkojo na huambukiza binadamu, hivyo anayesafisha mkojo huvaa glavu na kunawa kwa sabuni. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai kabla mtu wa nje hajaanza kumshika mgonjwa, na mbwa asiyechanjwa anayebadilika tabia ghafla, anayeshindwa kumeza au anayedondosha mate, asiguswe mpaka daktari amwone. Kupe wadhibitiwe pia: kupe wa kahawia wa mbwa hueneza Ehrlichia, kimelea cha damu kinachoweza kufanya figo zivujishe protini, na ugonjwa huo una dawa ukigunduliwa mapema.

Pwani ya Afrika Mashariki, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafii, mate na unyevu wa mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Jirani anayefuata madhehebu hayo bado ana nafasi yake katika zamu, kwa kubeba maji, kununua dawa au kutoa gari. Katika Sahih Bukhari imo hadithi mashuhuri ya mtu aliyeteremka kisimani akamletea maji mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Kumhurumia mbwa na kutunza tohara havijawahi kugongana.

Ugonjwa ukifika mwisho, swali linakuwa kama mbwa bado ana maisha ya kuishi. Mwaka 2004 daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, alitoa kipimo cha mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 matunzo yanaweza kuendelea. Kipimo hiki hufaa zaidi kikijazwa na watu wawili au watatu wanaomwona mbwa kila siku, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Anayempenda kuliko wote huona nafuu kila anapotikisa mkia. Mwenye kufika jioni tu huona kwamba wiki hii hakuinuka kumlaki.

Alama zikiendelea kushuka, kifo cha upole kinachotolewa na daktari ni tendo la huruma, na hakuna sababu ya kukionea haya. Mbwa huchomwa kwanza dawa ya kumlaza, kisha pentobarbitali kwa wingi kwenye mshipa. Hupoteza fahamu, kupumua hukoma, halafu moyo husimama, mara nyingi ndani ya dakika chache. Dawa hiyo hubaki ndani ya mzoga na inaweza kumuua mnyama mwingine au tumbusi atakayeula. Mzoga usitupwe jalalani: uchomwe, au uzikwe katika shimo la kina mbali na kisima, na majirani wenye mbwa wajulishwe mahali ulipozikwa.