Neno Lipo, Ushahidi Haupo: Sababu za Istilahi Mpya za Kiswahili Kukataliwa katika Kamusi Elezo za Mtandaoni

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kwa nini maneno mapya ya Kiswahili hukataliwa yanapoandikiwa makala katika kamusi elezo za mtandaoni, hususan Wikipedia. Hoja kuu ni kwamba kukataliwa huko si hukumu juu ya ubora wa neno, bali ni matokeo ya uhaba wa maandishi huru yanayolijadili neno lenyewe. Makala yanaonesha kuwa tumezoea kutoa orodha za istilahi bila kuchapisha historia ya kila istilahi, na yanapendekeza namna ya kuziba pengo hilo.

1.0 Utangulizi

Wikipedia ilianzishwa mwaka 2001, na toleo lake la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Makala zake huandikwa na watu wa kujitolea, na yeyote kati yao anaweza kupendekeza makala ifutwe. Miongoni mwa makala zinazofutwa kwa urahisi ni zile zinazohusu maneno yaliyobuniwa karibuni. Wapenzi wa lugha hulipokea jambo hili kwa uchungu, nao huuliza: ikiwa neno limebuniwa na wataalamu na kutangazwa rasmi, ni nani mwenye mamlaka ya kulikataa?

Swali hili si la wahariri wa mtandaoni peke yao. Matini za kamusi elezo hutumiwa na injini za utafutaji na katika kuunda programu za tafsiri. Neno lisilopata nafasi humo lina uwezekano mdogo wa kujulikana na mashine hizo, na mwanafunzi anayezitegemea hurejeshewa neno la Kiingereza. Hivyo, kazi iliyofanywa kwa fedha za umma huishia kwenye makabrasha.

2.0 Kanuni Inayotumika

Msingi wa kamusi elezo hizi ni kwamba kila jambo lithibitike kwa chanzo cha kuaminika kilichokwisha kuchapishwa, na kwamba mwandishi asilete utafiti wake mwenyewe. Kanuni hizi zinapotumika kwa neno jipya, huzaa tofauti moja muhimu: tofauti kati ya kulitumia neno na kulijadili neno.

Gazeti linaloandika kwamba walimu wamegawiwa vishikwambi linalitumia neno. Halisemi neno hilo lilitoka wapi, lilibuniwa kwa haja gani, wala lilishindana na maneno yapi. Mwandishi akikusanya habari mia moja za aina hiyo na kutoa hitimisho kuhusu kuenea kwa neno, atakuwa amefanya utafiti. Huenda utafiti huo ni mzuri, lakini mahali pake ni jarida la kitaaluma. Kamusi elezo huja baada ya jarida, si kabla yake.

Vilevile, makala kuhusu kitu si sawa na makala kuhusu neno. Kifaa kinachoitwa kishikwambi kinastahili makala bila shaka yoyote, na ubishi ukitokea huwa juu ya kichwa cha makala hiyo tu. Neno “kishikwambi” kama neno kwa kawaida huelekezwa kwenye Wikamusi, kwa sababu kamusi elezo hueleza vitu na dhana, na kamusi hueleza maneno.

Kwa kulinganisha, neno la Kiingereza “podcasting” lilitumika katika gazeti la The Guardian mwezi Februari mwaka 2004, katika makala ya mwandishi Ben Hammersley. Mwaka 2005 wahariri wa New Oxford American Dictionary walilichagua “podcast” kuwa neno la mwaka. Katika muda usiozidi miaka miwili, neno hilo lilikuwa na tarehe ya kuonekana, mtu wa kuhusishwa nalo na uamuzi wa wanakamusi uliochapishwa. Halikupendelewa kwa kuwa ni la Kiingereza. Lilikuwa na cheti cha kuzaliwa.

3.0 Hali ya Maneno Yetu

Tuangalie mifano mitatu. Wa kwanza ni mashine ambayo watu wengi huiita kompyuta. Waundaji wa istilahi wamependekeza pia tarakilishi, inayosikika sana katika shule za Kenya, na ngamizi. Kila mojawapo ina watetezi, lakini mhariri anayetaka kuchagua kichwa cha makala hapati mjadala mmoja uliochapishwa unaoyalinganisha yote matatu na kufikia uamuzi. Kwa kukosa mwongozo, hulichagua linalofahamika kwa wengi.

Mfano wa pili ni kishikwambi, kilichoenea nchini Tanzania wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Matumizi yake katika magazeti ni mengi, ilhali maandishi yanayolieleza ni machache mno kuliko matumizi hayo.

Mfano wa tatu ni UVIKO-19, yaani ugonjwa wa virusi vya korona. Mwaka 2021 kifupisho hiki kiliingia katika nyaraka rasmi za Serikali ya Tanzania, wakati nje ya Tanzania Waswahili wengi waliendelea kusema korona au Kovidi. Mhariri anayehudumia wasomaji wa nchi zote hizo hawezi kukichukua kifupisho cha nchi moja kuwa jina la wote kwa sababu tu kimo katika waraka wa serikali.

4.0 Chanzo cha Pengo

Baraza la Kiswahili la Tanzania, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lilianza katika miaka ya 1970 kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Vijitabu hivyo vilifanya kazi kubwa. Hata hivyo, umbo lake lilikuwa la orodha: neno la Kiingereza upande mmoja, la Kiswahili upande wa pili. Orodha humpa mtumiaji jibu, lakini haimpi hoja iliyolizaa jibu hilo. Desturi hiyo ingali inaendelea.

Hoja zenyewe zipo. Hutolewa katika vikao, na katika vipindi vya lugha redioni ambamo wataalamu huelezana kwa kina kwa nini neno fulani limefaa na jingine halikufaa. Kikao kinapokwisha na kipindi kinapopita hewani, hakuna kinachobaki cha kurejelewa. Kwa maneno mengine, Kiswahili hakina upungufu wa mijadala ya istilahi. Kina upungufu wa kumbukumbu zake.

5.0 Je, Kanuni Ilegezwe?

Ni kweli kwamba kanuni hii huzielemea zaidi lugha zenye machapisho machache. Hata hivyo, kuilegeza kuna hatari. Sayari tano zinazoonekana kwa macho, yaani Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, zina majina tuliyoyapokea kutoka Kiarabu. Uranus iligunduliwa kwa darubini mwaka 1781, na Neptune mwaka 1846. Mapokeo hayo ya kale hayakuwa na majina yake. Mhariri mmoja akiyabuni usiku na kuyaandika katika kamusi elezo, mwandishi wa kitabu cha shule anaweza kuyanakili, na kesho yake kitabu hicho kikatajwa kuwa chanzo cha kamusi elezo. Ushahidi utakuwa umejizunguka wenyewe, na hakuna mtaalamu aliyewahi kuulizwa.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, kila istilahi itakayopitishwa ichapishwe pamoja na maelezo mafupi: tarehe, haja iliyoizaa, njia ya uundaji, maneno yaliyoshindana nayo na fasili. Pili, maelezo hayo yawekwe mtandaoni, bila malipo, katika anwani isiyobadilika. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, iratibu taarifa za tofauti za matumizi baina ya nchi wanachama. Nne, vipindi vya lugha redioni vihifadhiwe na kunukuliwa kwa maandishi. Tano, wahariri wa kamusi elezo wataje istilahi mbadala katika sentensi ya kwanza ya makala na kuielekeza kila moja kwenye makala hiyo, ili neno lisilo kichwa cha makala lisipotee.

7.0 Hitimisho

Kamusi elezo haibatizi maneno. Huandika majina ya yale yaliyokwisha kubatizwa mbele ya mashahidi. Washauri wa sera wanaotaka istilahi zetu zidumu hawana haja ya kugombana na mlinzi wa mlango. Waanze na hatua iliyo ndani ya uwezo wetu: neno lisitoke barazani bila maandishi yanayoeleza lilikotoka.