Mpe Mwenzio

"Mpe mwenzio!" Mtoto wa miaka mitatu ana biskuti mbili mkononi, mgeni wa rika lake amesimama mbele yake anameza mate, na watu wazima wanatazama. Mama anaona haya. Anampokonya moja na kuigawa yeye mwenyewe. Kilio. Hapo mtoto kajifunza jambo moja tu: mgeni akibisha hodi, ficha biskuti.

Huwa tuna haraka ya kumwita mchoyo. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa Leipzig, Ujerumani, walichapisha jaribio lao kwa watoto 24 wa miezi 18. Mtu mzima anaanika nguo, kibanio kinamponyoka, anajinyoosha hakifikii. Katika majaribio ya namna hiyo watoto 22 walisaidia angalau mara moja, bila ahadi ya tuzo. Miaka miwili baadaye wakaja na wa miezi 20: waliozoeshwa kupewa kitu kila wakisaidia, kitu hicho kilipokoma walisaidia kwa uchache kuliko wale ambao hawakuwahi kupewa chochote. Pole zetu, wenye pipi za hongera mfukoni.

Ila kuokota kibanio hakumpunguzii mtoto kitu. Biskuti inapungua kweli. Ndiyo maana naithamini zaidi kazi ya Nadia Chernyak na Tamar Kushnir ya mwaka 2013. Watoto wa chekechea walioachiwa waamue wenyewe, kubaki na stika yao au kumpa mwanasesere "mwenye huzuni", baadaye walimgawia mwanasesere mwingine kwa wingi kuliko walioambiwa tu wampe. Hiari ile, yenye gharama yake, ndiyo iliyofanya kazi.

Kwa watu wa pwani, darasa hili lipo tayari kila Ramadhani, saa ya futari. Sahani imefunikwa kawa, mtoto anatumwa kwa bibi wa jirani anayeishi peke yake. Kasoro ni kwamba mara nyingi tunamfanya tarishi tu. Kabla hajatoka, mkalishe mbele ya sahani yake mwenyewe: "Hizi kaimati ni zako. Ungependa kumwekea bibi?" Akikataa, mwache, usinune. Akitoa moja kati ya tano, usimwambie aongeze. Na msipeleke kiporo. Mtoto anajua kilichochacha.

Lililo gumu zaidi ni ulimi. Nimewahi kumsikia mtoto wa miaka sita, mpira ukiwa umegombaniwa, akimwambia mwenzake: "Nyinyi si tunawapa chakula sisi?" Uwanja mzima ulinyamaza. Yule mwingine aliuacha mpira akaenda zake. Mtoto yule hakuwa na roho mbaya. Alirudia alichosikia jikoni, pale mtu mzima alipohesabu wema wake kwa sauti. Kusitiri hufundishwa kwa kunyamaza mbele ya mtoto, kisha kwa maneno machache: tuliyompelekea bibi ni yetu na yake, hayatoki nje.

Kuna desturi moja inayolimaliza somo bila mzazi kufungua kinywa: sahani ya jirani hairudi tupu. Jioni ile mtoto atarudi mbio, kawa kichwani kama kofia, na ndimu tatu zikibingirika kwenye sahani, akisema bibi kazichuma mwenyewe uani.