Kabla ya samaki, fuga maji

Anayetaka kufuga Enteromius kerstenii nyumbani Gulwe, kwenye nyanda za kati za Tanzania, aanze na maji, samaki atafuata. Ni samaki mdogo wa ukoo mmoja na ningu, mwenye magamba ya fedha, jozi mbili za sharubu na doa jekundu-chungwa kwenye kifuniko cha shavu. Wilhelm Peters wa Berlin alimweleza kisayansi mwaka 1868, akampa jina la Otto Kersten, yule aliyepanda Kilimanjaro na Baron von der Decken mwaka 1862. Katika mito ya Afrika Mashariki si haba. Adimu ni dukani, maana wauzaji hukimbilia samaki wa rangi kali wa Tanganyika na Nyasa.

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu, usiku na mchana. Mtoni maji huichukua; kwenye tangi inabaki, na ukali wake hutegemea pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Katika nyuzi joto 25, maji ya pH 7 huwa na sehemu yenye sumu isiyofika asilimia 1 ya amonia yote. Yakifika pH 9, sehemu hiyo ni kama asilimia 36. Joto likipanda, huongezeka tena. Sasa fikiria visima vya nyanda za kati, maji ya chumvichumvi ambayo sabuni haitoi povu: mara nyingi pH yake iko juu. Pima kwanza.

Dawa ya amonia ni bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na jingine hugeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo ni nafuu. Hukaa kwenye sponji ya chujio na changarawe, na huchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa. Sponji isuuze kwa maji ya tangi lenyewe. Klorini ya bombani huwaua bakteria hao.

Mto Kinyasungwe, uliokwishabomoa reli mara nyingi kati ya Kilosa na Gulwe, kiangazi hubakiza madimbwi. Maji ya dimbwi hubadilika, ila taratibu, na samaki huzoea. Wako nao wazoeshe hivyo: kikombe kimoja cha maji ya tangi kwenye ndoo yao, kisha kingine, kwa saa nzima. Weka sita au zaidi, kwani mmoja peke yake hujificha tu. Umeme ukikatika, chakula kisitishwe, kisije kikaongeza amonia, mpaka pampu ya hewa ya tangi irudi kufanya kazi.