Baridi ya kusini na blanketi la farasi: kabla ya kununua, pima

MASERU. Ukitoka hapa kwenda Semonkong mwezi Julai, barabara inapanda na baridi inazidi kila kilomita. Asubuhi nyasi zimeganda, maji ya kwenye madimbwi yamekuwa kioo, na kwenye vijia vya kando wanapita wanaume waliopanda farasi. Kila mmoja amejifunga blanketi zito la sufu lililobanwa kwa pini kubwa kifuani. Farasi wenyewe hawana kitu mgongoni zaidi ya tandiko. Manyoya yao yamekuwa marefu na yamesimama, na pua zinatoa moshi.

Rudi Maseru, vuka daraja la mpakani, endesha gari dakika ishirini hadi kwenye mashamba ya Ladybrand, Afrika Kusini, na picha inageuka. Anayehudumia farasi ana koti jepesi la kazi. Aliyevaa blanketi ni farasi: la buluu, lisilopitisha maji, lenye mikanda kifuani na tumboni na kipande cha kufunika mkia.

Kati ya hawa wawili kuna Mto Caledon tu, ambao Wasotho huuita Mohokare. Baridi ni ileile. Nilivuka nikitaka kujua nani anakosea, na nikakuta swali lenyewe ndilo lililokosewa.

Farasi wa Kisotho ni mfupi, mnene wa mifupa, na amezaliwa nje. Lesotho yote iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, nchi pekee duniani yenye sifa hiyo, na mnyama asiyestahimili baridi asingedumu huko vizazi karibu viwili vya karne. Yule wa Ladybrand ni wa jamii ya farasi wa mashindano, mrefu, ngozi nyembamba, na amenyolewa manyoya kwa sababu anafanyishwa mazoezi majira yote ya baridi. Farasi mwenye manyoya marefu akikimbia hutoka jasho, jasho linakaa saa nyingi bila kukauka, na usiku ukiingia anatetemeka. Mwenye shamba akimnyoa anamwondolea koti lake la asili. Ni wajibu wake kumpa jingine.

Wataalamu wa mifugo kwa kawaida hutaja nyuzi joto 5 hadi 25 za Selsiasi kuwa kiwango ambacho farasi hukaa bila kutumia nguvu za ziada kujipasha au kujipoza. Mwenye manyoya kamili ya baridi na chakula cha kutosha hushuka chini ya sifuri bila shida. Manyoya yanaposimama hushika hewa, na hewa hiyo ndiyo blanketi. Kinachoivunja kinga hii ni mvua na upepo vikija pamoja: manyoya yakilowa yanalala, hewa inatoka, na farasi aliyekuwa salama kwenye nyuzi sifuri kavu anaanza kutetemeka kwenye nyuzi 6 zenye mvua.

Mwaka 2016 watafiti wa Norwei walichapisha kazi ambayo bado inanifurahisha kila ninapoikumbuka. Waliwafundisha farasi 23 kugusa vibao kwa pua: kibao kimoja kina maana ya kuvishwa blanketi, kingine kuvuliwa, cha tatu kubaki kama alivyo. Wote walijifunza ndani ya wiki mbili. Siku za jua waliomba kuvuliwa au kubaki wazi. Siku za mvua, upepo na baridi waliomba kuvishwa. Wanadamu wengi tunaowavisha hatuwaulizi.

Basi wanaohitaji blanketi wanajulikana: aliyenyolewa, mzee, mwembamba, mgonjwa, mtoto, na yule asiye na mti wala banda la kujikinga. Farasi mnene mwenye manyoya yake yote na mahali pa kukimbilia upepo, mwache. Blanketi jepesi juu ya manyoya marefu linaweza hata kumzidishia baridi, kwa sababu linayalaza yale manyoya bila kuleta joto la kufidia.

Katika zizi moja la Ladybrand nilionyeshwa farasi dume aliyehasiwa, wa kahawia, mpole. Mabega yake yote mawili yalikuwa na mabaka yasiyo na manyoya, mekundu, kila moja kubwa kama kiganja. Juu, pale shingo inapokutana na mgongo, palikuwa na kidonda kilichoanza kukauka. Mnyama hakupigwa wala hakugombana na mwenzake. Alivaa blanketi lisilo lake kwa wiki tatu.

Saisi anayemtunza ni Msotho, amekulia milimani na farasi wasiovaa chochote, na amevuka mpaka kutafuta kazi kama maelfu ya wenzake. Lawama za vidonda zilimwangukia yeye: hakufunga vizuri, alikaza mno. Alinieleza kwa utulivu kwamba alisema tangu siku ya pili kuwa blanketi ni dogo mbele, ila blanketi lilikuwa la bei kubwa na lilikuwa limeshalipiwa. Mwenye mali alilinunua kwa kukadiria urefu wa farasi kutoka ardhini. Na hapo ndipo kosa lilipo, kwa sababu urefu wa kwenda juu hausemi lolote kuhusu upana wa mabega.

Blanketi la farasi hupimwa kwa urefu wa mwili. Msimamishe mahali tambarare, miguu imelingana, na mtu wa pili ashike kichwa. Shika ncha ya futi kamba katikati ya kifua, ipitishe juu ya sehemu pana zaidi ya bega, kisha nyoosha moja kwa moja ubavuni hadi mwisho wa paja nyuma, bila kuilegeza. Nambari utakayopata ndiyo saizi, lakini soma lebo kwa makini. Blanketi za Uingereza huandikwa kwa futi na inchi na hupanda kwa inchi tatu tatu. Za Marekani ni inchi tupu. Na viwanda vingi vya Ulaya bara hupima mgongo peke yake, kwa sentimita. Farasi yuleyule anaweza kuwa futi 6 na inchi 3 dukani hapa na kuwa na nambari isiyofanana kabisa kule. Wengi wanaoagiza mtandaoni hukwama hapa na kupokea vazi la farasi mwingine.

Kipimo kikikaa sawa, bado umbo. Farasi wa mbio ana kifua chembamba na kilele cha mabega kilichochongoka. Farasi wa kazi ana kifua kama mlango. Ukimvisha, pindo la shingoni lianzie mbele kidogo ya kile kilele, lisikalie juu yake. Ingiza kiganja kilichonyooka chini ya kitambaa pale juu, kisha kiteremshe begani hadi kifuani. Kikipita bila kubanwa, vema. Kikibanwa, rudisha dukani leo, usisubiri litanuke. Nyuma liishie mwanzo wa mkia. Likizidi sana litateleza upande mmoja na kuvuta mabega.

Sasa mpe nyasi chini. Hili ndilo jaribio ambalo watu hulisahau, na saisi wa Ladybrand ndiye aliyenifundisha. Blanketi la kutokea nje huvaliwa na mnyama anayekula ameinamisha kichwa karibu siku nzima. Linaloonekana la fundi hodari akiwa amesimama wima hukaza kifua na kukwaruza mabega mara anapoinama. Lile la yule wa kahawia lilikuwa hivyo hasa. Alipoinua kichwa, lilimkaa kama suti ya harusi.

Mikanda ya tumboni ipishane chini kama herufi X na iache nafasi ya upana wa kiganja. Ya miguu ya nyuma ipitishwe mmoja ndani ya mwenzake ili isisugue mapaja, nayo iachiwe nafasi hiyohiyo. Mkanda unaoning'inia ni hatari kuliko unaobana: farasi akilala au akijikuna kwato huingia humo, naye akishtuka anaweza kujivunja mguu.

Kuhusu uimara, wauzaji watakutajia denia, yaani uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi uliofuma kitambaa. Denia 600 inamtosha farasi mtulivu anayekaa peke yake. Wanaocheza kwa kuumana, au waliozungushiwa seng'enge, wanataka 1200 na kwenda juu. Lakini nambari hiyo isikulevye. Uzi mnene uliofumwa ovyo huchanika upesi kuliko mwembamba uliofumwa vizuri. Tafuta kitambaa chenye vimraba vya nyuzi nene vinavyozuia mpasuko usitambae. Geuza blanketi utazame mgongoni: kama kuna mshono unaopita katikati kutoka shingoni hadi mkiani, jua maji yatapita hapo kabla ya mahali pengine popote. Tazama bitana ya mabegani, iwe laini inayoteleza. Vuta mikanda kwa nguvu pale iliposhonewa, kwa sababu huko ndiko blanketi nyingi hufia huku kitambaa kikiwa bado kizima. Na kitambaa kizuie maji kuingia huku kikiruhusu mvuke wa mwili kutoka, la sivyo farasi ataloa kwa jasho lake.

Ujazo wa ndani huhesabiwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Gramu sifuri ni koti la mvua tu. Karibu 200 ni la kati, na 300 na zaidi ni la baridi kali. Hapa lazima ujue baridi ya kwako. Majira ya baridi ya Cape Town ni ya mvua, hivyo kinachotakiwa kwanza ni kuzuia maji. Nyanda za juu za Free State ni kavu. Usiku unashuka chini ya sifuri, na saa saba mchana jua linakufanya uvue koti. Farasi aliyeachwa na blanketi la gramu 300 saa hiyo anachemka, anatoka jasho, na jua likitua anabaki na nguo mbichi mwilini. Kwa nchi ya namna hii blanketi mbili nyepesi zinazovaliwa moja juu ya nyingine ni bora kuliko moja zito, mradi kuna mtu wa kuzivua na kuzivisha. Kama hayupo, nunua jepesi na uongeze nyasi kavu. Nyasi zikichacha tumboni hutoa joto, na joto hilo halichubui bega.

Kuna tahadhari ya kalenda pia. Manyoya ya farasi hufuata zaidi urefu wa mchana kuliko kipimajoto: siku zikifupika yanakua, zikirefuka yanadondoka. Septemba 2024 theluji nzito iliifunga barabara kuu ya N3 huko Van Reenen na kukwamisha mamia ya magari. Magari yaliandikwa sana magazetini. Kwa mifugo ubaya ulikuwa kwamba mwezi huo siku zimesharefuka na koti la asili limeshaanza kupukutika. Blanketi lisifungiwe stoo mpaka msimu uishe kweli.

Jambo hilihili la mwanga linatuhusu Afrika Mashariki. Farasi wa Nairobi kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, wa Limuru, Molo na Timau wanaijua baridi ya Julai. Lakini kwenye ikweta mchana haufupiki, kwa hiyo mnyama hapati kwa nguvu ile ishara inayomvisha koti zito mwenzake wa kusini. Halafu jua la mchana huko juu halina huruma. Lebo inayosema blanketi ni la kati iliandikwa ikimfikiria farasi wa Uingereza mwezi Januari. Kwa nyanda zetu, koti la mvua lisilo na ujazo, na pengine la gramu 100 kwa usiku wa aliyenyolewa au mzee, hufanya kazi zaidi ya yale mazito.

Na kwa kuwa wasomaji wetu wengi wana punda kuliko farasi, niseme: manyoya ya punda hayazuii mvua kama ya farasi. Analowa hadi kwenye ngozi. Kabla ya kumtafutia blanketi, mjengee paa na ukuta mmoja upande upepo unakotoka.

Likishanunuliwa, blanketi linataka kazi ya kila siku. Livuliwe, mkono upitishwe mbavuni, maana chini ya nguo farasi anaweza kukonda mwezi mzima bila mtu kujua. Sabuni kali ya kufulia huondoa dawa ya kuzuia maji. Litumie maji baridi na brashi, likauke kivulini kabisa kabla ya kukunjwa, na liwekwe juu, mbali na panya.

Niliondoka Ladybrand saa kumi jioni, jua likianza kuegemea magharibi. Saisi alikuwa anapita banda kwa banda akiwavisha wanyama wake, anafunga kifua kwanza, kisha tumbo, kisha miguu. Alipofika kwa yule wa kahawia hakumvisha. Alimwingiza ndani, akafunga nusu ya juu ya mlango upande wa upepo, akamwagia nyasi kavu mara mbili ya kawaida. Blanketi la bei kubwa lilikuwa limening'inizwa ukutani, na kwenye mkanda wake kulikuwa na kipande cha karatasi chenye nambari aliyoipima mwenyewe kwa futi kamba siku ile, akisubiri mwenye mali apite aione.